Mama Suzi, nipokelee huyu mtoto Juni

Mwaloni, Kirumba
Mwanza

Mama Suzi wangu,

Mwangaluka, ingawa najua wewe Mkerewe hutaniitikia Kisukuma hata kwa kulipwa. Sisi hatujambo. Mzee shikamoo yake, watoto wasalimie. Habari za biashara usiniulize, dagaa hawakauki na mvua hii. Na wewe ulivyonyamaza nilidhani umehamia Geita!

Kilichonifanya nishike kalamu ni Kabula. Yule mtoto wa dada, kidato cha kwanza, ana miaka 13 tu na anasoma mpaka karatasi ya kufungia maandazi. Tangu Pasaka yuko kwangu, na kazi yangu imekuwa kumtafutia cha kusoma. Riwaya za shule amezimaliza, hata zile za kidato cha nne. Sasa kila mtu ana ushauri wake. Shemeji anataka asome fizikia. Yule jirani wa dukani, mwenye maneno, kaniletea hadithi za mapenzi, eti mtoto wa kike achangamke. Nimezifungia dagaa.

Nilianza na Kusadikika, ile hadithi ya Shaaban Robert ya nchi ya kubuni, kwa kuwa ndicho kilikuwamo ndani. Kitabu chembamba, cha mwaka 1951, nikajua kitaisha kabla ya chai. Kikaisha kweli, akakirudia. Nikamkuta sokoni amekaa juu ya magunia, kidole kwenye ukurasa, akaniuliza: "Mama mdogo, hawa wajumbe nchi imewatuma yenyewe, wamerudi na habari njema. Mbona kila anayerudi anafungwa?" Mteja anasubiri mzani, mimi sina jibu. Nikamwambia amsikilize Karama, si ndiye anayewatetea? Akasema, "Karama nimemsikia. Hao Wakusadikika wengine walikuwa wapi siku zote?" Nikaendelea kupima dagaa.

Nikampa Shamba la Wanyama cha George Orwell, ile tafsiri ya Kawegere ya 1967. Nilitegemea amlilie yule farasi mchapakazi, nguruwe wanavyomuuza akishaishiwa nguvu. Hakulia. Aliwachukia kondoo! Nguruwe, anasema, angalau wanajua wanachotaka, lakini kondoo kazi yao ni kupiga kelele ili wengine wasisikike. Tangu hapo mtu akiitikia jambo harakaharaka mezani, Kabula anamfanyia "meee". Juzi kamfanyia baba yake. Mimi nilitoka nje nikacheke vizuri.

Kwa hiyo kusoma si tatizo, na kufikiri si tatizo. Tatizo ni Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi. Ameiona kwenye kabati langu na anaitaka. Dada ameapa nikimpa nisikanyage kwake. Anakumbuka kilizuiwa mashuleni, hakumbuki kwamba baadaye kiliruhusiwa. Na kweli si kitabu laini: ulevi wa baba, wanaume, mimba, na mwisho Rosa anajiua. Miaka 13, Mama Suzi! Anaongea kama mtu mzima lakini bado hataki taa izimwe.

Lakini nikikifungua tena namkuta Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anambana hata pumzi haipiti. Akishakuwa mbali na macho ya baba, unajua yaliyofuata. Sasa mimi nikikificha kitabu chenyewe, mtoto asijue kabisa dunia ilivyo, nitakuwa nani hapo kama si Zakaria? Jaribu kumwambia dada hivyo uone atakavyokujibu.

Wala mambo ya mapenzi hayanitishi. Hayo ameshayasikia hapa Mwaloni, midomo ya wapakuaji unaijua. Ninachoogopa ni zile kurasa za mwisho, azisome peke yake usiku bila mtu wa kumuuliza. Ndiyo maana Kichwamaji, cha Kezilahabi huyohuyo, nimekipandisha juu kabisa, nyuma ya mablanketi. Kazimoto naye anajiua, msomi mzima, amedadisi kila kitu mpaka hana pa kushika, na Kabula ana kaugonjwa hakohako. Akifika miaka 17 tutaongea. Nagona yake usinitajie, hiyo hata mimi naisoma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Basi ombi langu ni hili. Juni shule zikifungwa nimpandishe meli aje kwako Nansio, Ukerewe. Umefundisha Kiswahili miaka yote hiyo, na Namagondo, kijiji cha Rosa, iko kisiwani kwenu. Aisome akiwa hapo, kidogokidogo, jioni mkimenya mihogo muongee. Kwako atasema. Kwangu anaogopa nitamwambia mama yake, na ni kweli nitamwambia.

Ila asianze na Rosa. Mzee bado anavyo vile vitabu viwili vya Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka? Huku mjini nimezunguka sijavipata. Mume ambaye hajapata mtoto na mkewe, ndugu wanasimanga, wakwe wanamchukua binti yao, naye badala ya kutafuta mwingine anafuata mke wake na kuhangaika na mitungi ya pombe ya ndizi mpaka arudishiwe. Nataka Kabula ajue kwamba Ukerewe hiyohiyo ina Zakaria na ina Myombekere. Nilimwambia Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kikatoka kwa Kiswahili 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Akauliza, "Miaka 35 alikuwa anasubiri nini?" Mchapishaji, nikamwambia. Akanywea, maana anasema na yeye atakuwa mwandishi.

Haya nijibu. Juni mtakuwepo? Suzi atakubali kulala naye au bado anagombea kitanda? Mzee ataazimisha, au bado ana kile kidaftari cha kuwaandika wasiorudisha? Wewe Rosa ulimsoma ukiwa na umri gani, na ulimwambia nani? Na dada nimwambie nini, maana meli hapandi mtu bila mama yake kujua? Ukichelewa kujibu mengine, hilo la dada lijibu kwanza.

Wako,
Mama Joni

Nitampa mchele na sabuni aje navyo. Dagaa usiniagize, unaishi katikati ya ziwa.