Watoto wa vitabuni mbona hawalii?

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Nina mjukuu wa miaka tisa ambaye jioni hunisomea hadithi huku napiga pasi, na juzi kanibana kwa maswali.

Baba yake, mwanangu, alifariki mwaka jana, alfajiri. Alasiri tulikuwa tumeshazika, ndiyo desturi yetu Waislamu. Wakwe zetu, Wachaga wa Marangu, Kilimanjaro, waliingia kesho yake na basi, mikungu ya ndizi mikononi. Kwao maiti husubiri ndugu wa mbali wafike. Bibi yake wa kikeni hakulalamika. Alituomba tumpeleke makaburini, akatoa kwenye khanga kipande cha sale, mmea wao wa amani na msamaha, akakichomeka kaburini, akapangusa mikono. Jirani yangu mmoja aliguna. Mtoto akaniuliza, "Babu, mbona hamkumsubiri bibi?" Jibu sikuwa nalo.

Sasa vitabu. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze 1991, hadithi za Kiswahili za kumpa mtoto zipo, na waandishi nawashukuru. Lakini angalieni hivyo vifo. Mama anakufa mstari wa pili, ukurasa wa tatu mama wa kambo keshashika mwiko. Matanga hayakuwekwa, ubani haukufukizwa, wala hamna viatu vya marehemu mlangoni visivyo na wa kuvitoa. Vya mwanangu vilikaa pale miezi minne na siku kumi, mpaka mkwe wangu alipomaliza eda. (Ni Mlutheri. Eda aliikaa yote, Jumapili iliyofuata akaenda kanisani. Waliotaka kusema walisema.)

Basi juzi mjukuu akafunga kitabu: "Huyu mtoto mbona halii? Na kwao wapi?" Watoto wa vitabuni kwao ni mahali pamoja tu. Huyu wangu shuleni hapa wanamwita Mchaga, akienda likizo Marangu anaitwa Mswahili, na kote anaitikia.

Waandishi, tuandikieni kitabu kimoja ambamo msiba unakaa kurasa zote, mtoto ana bibi wawili wasiozika namna moja, na mwishoni hakuna anayeolewa na mwana wa mfalme. Atakayekiandika akipita Ngamiani aulize fundi wa Barabara ya 12. Suruali namkatia bure, kitambaa aje nacho.

Babu, Tanga