Mashine haioni pua, inaona weusi na weupe tu

Ndugu Mhariri, poleni na kazi. Naomba kanafasi niseme kuhusu ile makala yenu ya mashine za kuchonga nakshi kwa kompyuta, ile iliyosema eti fundi anaweka picha, anabonyeza kitufe, anaenda kulala, akiamka anakuta ubao umeshachongeka wenyewe. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Mi mashine hii ninayo mwaka wa sita sasa, kabla ya hapo nilikuwa mtu wa patasi na nyundo, na tangu niinunue hicho kitufe bado nakitafuta.

Kitu kikubwa ambacho makala imekiruka ni hiki, mashine haioni picha. Haijui hii pua au hili jicho. Yenyewe inasoma weusi na weupe, penye weupe ubao unabaki juu, penye weusi biti (kile kisu chake kinachozunguka) inazama, na kijivu cha katikati ndo kinagawana kina, basi. Sasa chukua picha ya simu ya mtu mweusi kama mimi, kacheka, kavaa shati jeupe, itie humo moja kwa moja uone. Hilo kosa nililifanya mwenyewe mwezi wa kwanza, kazi ya mzee mmoja aliyetaka sura yake ukutani, nikaharibu ubao mzuri kabisa wa mkangazi. Shati likawa mlima, meno yakatokeza kuliko pua, nywele zikawa shimo, mboni za macho zikazama kama zimetobolewa na keekee. Mzee akaushika ule ubao, akaugeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, huyu ni mimi au ni marehemu?" Sikuwa na jibu. Mbao nyingine nikanunua kwa hela yangu.

Kumbe ya kuchongea sio picha ya mwanga, ni picha ya kina. Humo ncha ya pua ndo inakuwa nyeupe kuliko vyote hata kama mwenye pua ni mweusi tii, mashavu kijivu cheupe, masikio kijivu cha kukolea, ukuta wa nyuma mweusi. Hiyo lazima mtu akae kwenye programu aijenge, ainue kidogo hapa ashushe pale, kama anafinyanga udongo. Na hapo ndo patasi za zamani zinakuja kukusaidia, maana kichwa cha mtu toka ncha ya pua mpaka kisogoni ni kama sm 20 hivi, halafu ubao wako unakuruhusu mm 10 tu, ukisema ugawe kila kitu kwa 20 sawasawa basi pua inayotokeza sm 2 na nusu inabaki mm 1 na kidogo, sura inakuwa sahani. Mchongaji anajua kudanganya jicho, anaibakizia pua na midomo unene wake, anabana mashavu na kichwa cha nyuma ambako hakuna anayeangalia. Hilo kompyuta haikufundishi.

Halafu kuna hili la faili, vijana wananiuliza sana kwa nini mashavu yao yanatoka na ngazi ngazi kama mlima uliolimwa matuta. Ni kwa sababu picha ya kawaida ina ngazi 256 tu za kijivu toka nyeusi hadi nyeupe, kwenye kina cha mm 10 kila ngazi ni kama mm 0.04, unaona ndogo lakini piga vanishi halafu mulika taa kwa pembeni uniambie. Hifadhi kwa biti 16 (sio biti ya kuchongea, zile za kompyuta), unapata ngazi 65,536 na shavu linateleza. Na picha zilizobanwa banwa kwa kutumiwa simu kwa simu zinaleta vipele, hizo hata msasa utakuchosha.

Sasa kuhusu kulala. Kazi inapita mara mbili, kwanza biti bapa ya mm 6 inakwangua nyama kubwa, ndo inakuja ile ya ncha ya duara, tuseme ya mm 3, inapita mstari kwa mstari, kila mstari inasogea mm 0.3. Ubao wa upana wa mm 300 hiyo ni mistari 1,000. Kama kila mstari una urefu wa mm 400 na unakwenda mm 2,000 kwa dakika, ni masaa matatu na dakika ishirini, bado hujahesabu kupunguza mwendo kwenye kona. Na masaa yote hayo unatakiwa uwepo. Kibano kikilegea ubao unasogea, mota nyingi za hizi mashine zikiteleza hatua hazijui kama zimeteleza, zinaendelea kuchonga kwa kujiamini kabisa na pua inahamia shavuni. Wengine wanaipeleka taratibu wakidhani ndo usalama, wakati biti ikizunguka kasi na kusogea polepole haikati, inasugua, mbao inaungua, na moto kwenye unga wa mbao sio mchezo.

Na yule kijana kwenye picha yenu mbona hana barakoa jamani? Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao kwenye vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Mtoeni, wekeni picha nyingine.

Sisemi mashine ni mbaya. Ukiniambia nichonge maua kumi na mbili yanayofanana kabisa kwa mkono nitakukimbia, yenyewe haichoki. Ila mashine ya mihimili mitatu, yaani inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini basi, biti yake inashuka kutoka juu tu, chini ya jani la ua haifiki, pale bado naingia na patasi.

Yule mwandishi wenu akipata nafasi aje na picha yake mwenyewe, ya meno nje na shati jeupe. Tutaitia humo bila kuigusa, nitabonyeza hicho kitufe chake, tuone kama atajitambua.

Fundi mchongaji, msomaji wenu