Barua ya wazi kwa Chris Wallace: garasa hakuwa Thabeet

Kwa Bwana Chris Wallace,
Aliyekuwa Meneja Mkuu,
Memphis Grizzlies.

YAH: CHAGUO LAKO NAMBA MBILI, DRAFTI YA NBA, JUNI 2009

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Bwana Wallace. Kiswahili najua hukijui, na wala sitegemei barua hii ifike mezani kwako. Lakini kijana uliyemchagua ni wa Dar es Salaam, na sisi wa Dar tuna la kusema. Ukipenda tafuta mtu akusomee. Wabongo huko Marekani hawakosekani.

Mimi ni shabiki wa Grizzlies wa tangu usiku ule, na sababu unaijua. Kwenu New York ilikuwa jioni ya tarehe 25 Juni, siku ya drafti, pale klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Huku ilikuwa inakaribia saa tisa usiku, na David Stern, kamishna wa NBA wakati huo, alipomaliza kumtaja Blake Griffin wa Clippers akalitaja jina la Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na anaingia akiwa namba mbili! Kulipokucha hakuna aliyeuliza Memphis wana kocha gani, wanacheza mfumo gani, nafasi yake ana nani. Watu waliokuwa hawajawahi kushika mpira wa kikapu walikuwa wanabishana kuhusu Grizzlies kwenye daladala. Tulikupenda, mzee. Kwa siku chache ulikuwa Mzungu anayependwa kuliko wote mjini.

Sasa kila drafti ikikaribia, wachambuzi wenu wanatoa orodha ya machaguo mabovu kuliko yote katika historia, na Hasheem hakosi. Utaratibu wao ni uleule: wanayapanga majina yaliyoitwa baada yake. James Harden namba 3. Tyreke Evans namba 4. Stephen Curry namba 7. DeMar DeRozan namba 9. Wanakumbusha kwamba Harden alikuja kuwa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mwaka 2018, kwamba Curry alikuwa MVP mara mbili mfululizo na ana pete nne za ubingwa, halafu wanaweka picha ya Hasheem amekaa benchi. Sisi mchezaji wa namna hiyo tunamwita garasa. Na hapahapa mjini, kwao kabisa, wapo wanaomwita hivyo.

Mimi sikuandikii kwa sababu ya Curry. Nimechoka na hoja ya Curry. Kama kumkosa Curry ni dhambi, wapeleke kwanza Minnesota, waliokuwa na namba 5 na namba 6 na wakachukua magadi, yaani wachezaji wa nyuma wanaoongoza mchezo, wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, Curry akiwa amekaa palepale anasubiri. Kuona mbele ni kazi ya waganga. Malalamiko yangu ni kuhusu vitu ulivyokuwa unavijua tayari siku hiyo.

Tutazame kikosi chako cha msimu wa 2008/09, kilichoshinda mechi 24 na kupoteza 58. Mwendesha mchezo alikuwa Mike Conley, uliyemchagua namba 4 mwaka 2007. Pembeni yake O.J. Mayo, katoka kumaliza msimu wake wa kwanza kwa wastani wa pointi 18.5. Rudy Gay alikuwa anafunga atakavyo. Na katikati, nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, ulikuwa na Marc Gasol, uliyempata kwenye dili la kumpeleka kaka yake Pau kwa Lakers, dili lililokutukanisha Marekani nzima. Marc naye alikuwa kamaliza mwaka wake wa kwanza, karibu pointi 12 na ribaundi 7 (mipira anayodaka ikikosa kikapu) kwa mechi. Ana miaka 24. Ana mikono laini, anajua kutoa pasi, anasoma mchezo kama mwalimu.

Nikimuuliza mtetezi wako kwa nini hukumchukua Curry, atanijibu: Conley alikuwepo. Harden je? Mayo alikuwepo. Haya, nakubali, timu huangalia pengo lake lilipo. Sasa Hasheem ni senta. Senta tupu, hana nafasi nyingine anayoweza kucheza. Mbona Gasol hakukuzuia? Kanuni iliyokufanya uwaruke magadi ndiyo hiyohiyo ingekufanya umruke na yeye. Umeitumia kwa wengine wote, ukafika kwa kijana wetu ukaisahau. Na wiki chache baadaye ukamleta Zach Randolph kutoka Clippers, mtu ambaye maisha yake yote uwanjani ni chini ya kikapu. Hapo eneo la ndani likajaa, na Hasheem alikuwa bado hajafungua hata sanduku lake la nguo.

Kinachoniuma zaidi ni Darko. Darko Miličić alikuwa namba mbili wa mwaka 2003. Detroit walimchukua kwa ajili ya urefu na matumaini, wakamkalisha benchi kwa sababu timu yao ilikuwa imejaa, akaoza pale. Hadithi hiyo hukuisoma gazetini, Bwana Wallace. Ulimsajili Darko wewe mwenyewe mwaka 2007, ukakaa naye misimu miwili, ukamuuza New York kipindi hichohicho cha drafti ya 2009. Yaani namba mbili mrefu aliyeharibikia benchi katoka kwa mlango wa nyuma, na mwingine umempitisha mlango wa mbele.

Nisije nikaonekana namsafisha Hasheem kwa sababu ni wa nyumbani. Alikuwa na mapungufu na kila mtu aliyaona. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa tayari kijana mkubwa, kwa hiyo vitu ambavyo wenzake walijifunza wakiwa na miaka minane yeye alikuwa anavitafuta mbele ya kamera. Mikono yake haikushika vizuri pasi za haraka. Miguu ilichelewa kugeuka. Tarehe 16 Februari 2009, siku yake ya kuzaliwa, Connecticut, chuo kikuu alichokuwa anachezea, wakiwa namba moja nchini kwa vyuo, walikutana na Pittsburgh ya DeJuan Blair. Blair ni mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi. Walikamatana mikono wakigombea mpira, Blair akavuta, na Hasheem akapita juu ya bega lake akaanguka chali, mtu wa mita 2.21, miguu juu. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5. Picha ile kila skauti aliiona, na bila shaka na wewe uliiona.

Lakini msimu huohuo kijana alimaliza na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kwa mechi, akagawana na huyohuyo Blair tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi yao ya vyuo, na Connecticut ikafika nne bora ya taifa. Ulichonunua kilikuwa wazi: mlinzi wa kikapu wa kiwango cha juu ambaye mambo mengine yote inabidi umfundishe. Mtu kama huyo anahitaji dakika. Anahitaji kukosea usiku wa Jumanne na kurudishwa uwanjani usiku wa Jumatano.

Mtazame Dikembe Mutombo, jirani yetu wa Kinshasa, ambaye mlikuwa mkimfananisha naye kila saa. Mutombo naye alichelewa kuuanza mchezo huu. Denver walimchagua namba 4 mwaka 1991 wakampa dakika 38 kwa mechi tangu mwaka wa kwanza, na mwaka huohuo akacheza mechi ya nyota wote. Sisemi Hasheem angekuwa Mutombo. Mutombo alikuwa mashine. Ila hakuna anayejua Mutombo angekuwa nani kama Denver wangemkalisha nyuma ya senta kijana aliyemzidi ufundi.

Wewe ulimpa Hasheem dakika 13 kwa mechi. Mechi 68, wastani wa pointi 3.1. Na mwishoni mwa Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, mkampeleka ligi ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards. Hakuna aliyechaguliwa juu namna ile aliyekuwa amewahi kushushwa huko, na kila chombo cha habari kiliandika sentensi hiyo. Timu hiyo ilikuwa Bismarck, North Dakota. Nimetafuta mji huo kwenye ramani: juu kabisa, karibu na Kanada, mwezi Februari! Mtoto wa Dar. Kwenda kule kwenyewe si vibaya, maana siku hizi timu zinapeleka vijana wao chini wakapate mechi na hakuna anayecheka. Ila wanaofanya hivyo wanatangaza mpango tangu mwanzo. Ninyi mlifanya ikaonekana ni adhabu, na neno garasa likaanzia pale.

Mwaka wa pili dakika zikashuka hadi kama 8. Tarehe 24 Februari 2011 mkamuuza Houston. Na hapa nataka kila anayesoma aangalie vizuri: mlimtoa Hasheem, mkamtoa DeMarre Carroll ambaye ni chaguo lenu jingine la raundi ya kwanza ya 2009, na mkaongeza haki ya chaguo la raundi ya kwanza la baadaye, ili mpate Shane Battier na Ish Smith. Drafti nzima ya raundi ya kwanza imeondoka kwa siku moja, na nyongeza juu! Carroll huyo alikuja kuanza kila mara katika Atlanta iliyoshinda mechi 60 msimu wa 2014/15. Kwa hiyo huwezi kuniambia tatizo lilikuwa kijana mmoja wa Kitanzania. Wawili walipita mikononi mwenu na wote wawili hamkujua la kuwafanyia.

Miezi miwili baadaye, Aprili, Grizzlies walikwenda kwa Spurs wa San Antonio kwenye mtoano, wa nane dhidi ya wa kwanza. Mechi ya kwanza, zimebaki sekunde 23.9, nani katupa mpira wa pointi tatu? Battier. Ukaingia. 101 kwa 98, ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu, na mwishowe tukawatoa Spurs 4 kwa 2. Nilishangilia. Nilishangilia nikiwa nimevaa jezi namba 34 ya mtu mliyemtoa ili mshangilie, na sijui kama kuna shabiki mwingine wa Grizzlies duniani aliyeushangilia ule mtupo kwa moyo mzito namna ile. Raundi iliyofuata Oklahoma City wakatutoa kwa mechi saba. Harden alikuwa anatokea benchi kwao, kwa raha zake, maana walikuwa wamempa muda.

Unajua huku imebaki nini? Nenda viwanja vya Don Bosco, Upanga, jioni yoyote. Kijana mrefu akidondosha pasi, anaitwa Thabeet. Wanaomwita hivyo wengine walikuwa hawajazaliwa mwaka 2009. Hawakuwahi kumwona akicheza Connecticut, hawajui kwamba baada ya yote alibaki kwenye ligi na kucheza misimu miwili Oklahoma City na akina Kevin Durant, wala kwamba amecheza Japani na Taiwan akiwa na umri ambao namba mbili wengi wameshaning'iniza viatu. Wanachojua ni zile orodha.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Hasheem hakujichagua. Hakuomba namba mbili, hakuomba Memphis, hakuomba kuwekwa nyuma ya Gasol. Angechaguliwa namba 10 na timu isiyo na senta angekuwa mtu wa kawaida mwenye kazi yake, na sisi tungekuwa na fahari yetu ya kawaida.

Ombi langu ni moja. Ukihojiwa tena kuhusu 2009, usiishie kwenye maneno ya kwamba hakuna aliyejua Curry atakuwa Curry. Eleza ulimpangia nini Hasheem. Mwalimu wake wa mazoezi alikuwa nani, dakika zake zingetoka wapi, kwa Gasol au kwa Randolph? Kama mpango ulikuwepo, uweke mezani tuuone. Kama haukuwepo, sema haukuwepo, na hao wanaoandaa orodha za mwakani waandike jina la aliyechagua.

Wako katika kikapu,
Shabiki wa Grizzlies,
Temeke, Dar es Salaam.

Nakala: Vijiwe vyote vya kikapu, Upanga na kwingineko.