Tusiwanyime watoto hadithi za Harry Potter

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu hadithi za Harry Potter, yaani vitabu vya mwandishi Mwingereza J.K. Rowling kuhusu mvulana mchawi, ambazo watoto wengi wanazipenda mno lakini baadhi ya wazazi hapa Dar es Salaam wanazikataza kwa hofu kwamba zinafundisha uchawi. Hofu hiyo naielewa, ila siikubali. Kati ya vitabu hivyo 7, vilivyotolewa Uingereza kuanzia mwaka 1997 hadi 2007, cha tano pekee kina kurasa zaidi ya 700, na mtoto anayekimaliza kwa hiari yake amejenga uvumilivu wa kusoma ambao viboko haviwezi kumpa. Isitoshe, sisi wenyewe tulilelewa kwa ngano za mazimwi na majini, wala hatukuwa wachawi.

Kinachoniuma ni upatikanaji. Kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta utamkuta mwanafunzi mwenye sare ameshika kitabu cha tatu, jalada limeungwa kwa selotepu, anaulizia cha nne asikipate. Naishauri Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iweke seti kamili kadhaa katika Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na shule zitenge walau kipindi kimoja kwa wiki ambapo mwanafunzi atasoma kitabu alichokichagua mwenyewe.

Mzazi,
Ilala, Dar es Salaam