Mbona ziwa lako linatoka rangi ya matope?

Hili swali linakuja sana hapa studio: nimenunua rangi nzuri, kanvasi nzuri, nimekaa Capri Point hapa Mwanza jioni nzima nachora ziwa, nafika home picha yote kijivu kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, rangi zenu feki au? Hapana, siyo feki. (Ila kama ulichukua ile ya kupaka mageti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hiyo kesi nyingine, njoo tuongee.)

Shida ni kukoroga. Mtu anachukua bluu, anatia njano, anaona haijakaa poa anatupia nyekundu kidogo, anazungusha brashi weee, halafu anaenda kuisugua kwenye kanvasi juu ya rangi ambayo bado mbichi. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kuruka, ni mafuta ya kitani yanavuta oksijeni taratibu mpaka yagande, kwa hiyo ulichopaka saa kumi jioni, kesho yake bado kibichi. Kila ukisugua unachota na cha chini, na bluu ikikutana na chungwa hivyo zinauana zote mbili.

Impreshenisti, wale wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliochora mwanga kwa miguso ya haraka, wao waliziacha rangi zikae jirani. Ile bandari ya Le Havre aliyoichora Claude Monet mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyoupa mtindo wote jina baada ya maonyesho ya Paris 1874, itafute kwenye simu halafu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jua karibu linapotea! Mng'ao wake unalingana na anga lililolizunguka, linawaka machoni kwako kwa sababu ni chungwa katikati ya bluu-kijivu, basi. Kwa hiyo wewe unayeminya tyubu ya nyeupe ili jua la Mwanza ling'ae, unalifubaza tu.

Tuchukulie Jiwe la Bismarck, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, maana kila mtu anaanza na hilo. Usiguse nyeusi. Changanya ultramarini (bluu iliyokolea) na bent siena (kahawia yenye wekundu) kwa kisu cha paleti, mizunguko miwili mitatu, acha wakati bado unaona mistari ya bluu na ya kahawia, hicho ndicho kijivu chenye uhai. Upande wa kivulini ongeza bluu, upande unaopigwa na jua weka njano na chungwa kidogo. Brashi ijaze rangi, gusa mara moja, inua, futa kwa kitambaa, ndo uchukue rangi nyingine. Huku kufuta watu wanakuona kupoteza muda, na ndiko kunakookoa picha.

Halafu kanvasi iwe ndogo jamani. Huku kwetu karibu na ikweta jua likianza kushuka kuelekea saa moja halingoji mtu, kivuli ulichokianza kimeshahama. Monet mwenyewe kwenye yale marundo ya nyasi alikuwa anabadilisha kanvasi mwanga ukibadilika, wewe unataka kumaliza ya mita nzima kwa mkao mmoja?

Kutoka nje na rangi kwenyewe kulirahisishwa na tyubu za bati, alizibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, kabla ya hapo rangi ilikaa kwenye vibofu vya nguruwe, hebu panda nayo daladala uone.

Jumamosi jioni tunatoka na wanafunzi ufukweni, rangi, brashi na kanvasi juu yetu, wewe njoo na shati la zamani na kofia. Hujawahi kushika brashi? Poa tu, wanaoanza hawana mazoea ya kukoroga. Matambara yenye mafuta usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanaweza kushika moto yenyewe, tutakuonyesha pa kuyatandaza. Na picha mbichi usiibebe kwenye bodaboda, tuachie hapa, utaipitia ikikauka.