Zuhura, jaketi livae ungali ufukweni

Kisauni, Mombasa

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile ratiba ya safari yenu ya Unguja uliyoiacha juu ya friji nimeisoma mara tatu. Nimehesabu: mtapanda chombo mara tano, na mwezi wenyewe Agosti, upepo wa kusi umekaza. Hukuniambia mpaka umeshalipa. Hilo tutaliongea ukirudi.

Feri kubwa ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni saa mbili hivi. Ukiingia tu, kabla ya kugombea kiti cha dirishani, tazama majaketi ya kuokolea yamewekwa wapi na mlango wa kutokea uko upande gani. Usilivae ukiwa ndani. Maji yakiingia litakunyanyua likubane darini. Livae ukishatoka nje. Boti ndogo ya kwenda Changuu kuona kobe ni kinyume: livae ungali ufukweni, hujalowa hata kidole.

Livae juu ya buibui, si ndani, picha zisikudanganye. Funga vishikizo vyote, kisha mwenzako akushike mabegani alivute juu. Likifika masikioni ni kubwa, omba jingine. Libonyeze pia. Sponji ikibonyea isirudi, au jaketi likiwa zito kwa maji, huo ni mto wa kulalia. Nahodha atakwambia bahari leo shwari. Mjibu kwa adabu, usipande.

Ya feri ya Mtongwe iliyozama unayajua, siyarudii.

Wenzako watacheka, mtoto wa Mombasa hajui kuogelea. Waambie mamako alikuwa na sababu zake. Siku hizi nikizitazama sababu hizo sizioni nzuri sana.

Kwenye kupanda mikoko sina wasiwasi nawe, matope unayajua kuliko hao wa bara. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini. Inayoachia ukiigusa tu ndiyo iliyokomaa, ya kuvutwa kwa nguvu ni changa. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja ndani ya tope, hatua moja kati ya mbegu na mbegu. Wageni huzichomeka kichwa chini, au huzipeleka mbali kuelekea baharini kwa kuwa pako wazi, mawimbi yakazing'oa zote. Huko mbele ni kwa mililana, mikoko ya aina nyingine. Muulizeni mzee wa pale, msimfundishe. Vaa raba kuukuu za kamba: buti zitanyonywa na tope, na ukienda peku magamba ya chaza yatakuchana. Na siku za bamvua, bahari inapojaa sana, maji hurudi mbio, vijito vya nyuma yenu vikajaa kabla hamjaona kitu hapo mlipo. Mwenyeji akisema tokeni, uwe wa kwanza.

Horohoro mpakani watataka kadi ya homa ya manjano, na sindano iwe imetimiza siku kumi. Kadi yako iko kwenye bahasha ya kaki kabatini, pamoja na risiti za maji. Mifuko ya nailoni usibebe, Tanzania wameipiga marufuku tangu 2019.

Kizimkazi watu huruka baharini waogelee na pomboo. Wewe nenda katazame msikiti. Upo pale tangu 1107 na hauyumbi.

Bibi yako ataka karafuu. Nunua pakiti dukani, udai risiti; za magendo usiziguse, biashara ile iko mkononi mwa serikali yao na hawana mchezo nayo. Gesi imekwisha jana, tunapikia makaa. Kassim kavunja ndoo ya buluu, anasema ilikuwa na ufa tangu zamani. Ufa sikuuona mimi.

Orodha ya kundi lenu nimemwonyesha jirani. Akauliza mbona jina lako liko mwisho kabisa, nikamwambia wamepanga kwa alfabeti, wala si kwa akili.

Ndani ya soksi yako nyeusi nimekunja shilingi elfu tatu. Si za kanga wala za chipsi. Nahodha akisema majaketi yameisha, shuka, tafuta boti nyingine, lipa tena.

Mamako