Anayeitwa "bwana" dirishani huondoka bila dawa

Mhariri,

Tangu Mahakama Kuu ya Eldoret iamue, mwezi Agosti 2025, kwamba mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyesajiliwa alipozaliwa kuwa mwanamume, alipwe fidia kwa jinsi alivyodhalilishwa akiwa kizuizini, nimewasikia wengi hapa Kisumu wakiuliza kwa nini watu hawa hulalamika hata wanapoitwa tu "bwana" badala ya "bi". Wanadai kuitwa vibaya hakumtoi mtu damu. Nimekuwa karani wa usajili katika zahanati kwa miaka mingi, na ninaamini wasemao hivyo hawajawahi kukaa upande wangu wa dirisha.

Anakuja mgonjwa aliyevaa dera, nywele zimesukwa, na mtaani anapoishi hakuna anayemjua ila kama mwanamke. Kitambulisho chake, hata hivyo, kina jina la kiume alilopewa alipozaliwa. Karani akipaza sauti, "Bwana fulani, ingia chumba namba tatu!" na mwenye jina akainuka, benchi zima humgeukia, na wapo wanaotoa simu kumpiga picha. Habari hizo zitawafikia waendesha bodaboda walio langoni kabla hajapimwa joto, na jioni mwenye nyumba atakuwa amezipata. Ndiyo maana wengine hujifanya hawakusikia, wakasubiri zamu yao ipite, kisha wakaondoka na ugonjwa wao.

Hapo hatuzungumzii tena adabu pekee. Karani ametangaza siri ya mgonjwa mbele ya umati, ilhali Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu katika kifungu cha 28 na faragha yake katika kifungu cha 31. Mwaka wa 2014 Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani la Kitaifa limpe Audrey Mbugua, naye mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) chenye jina lake la sasa na kisichotaja jinsia, kwa kuwa cheti cha zamani, chenye jina la kiume, kilikuwa kikimkwamisha kila alipotafuta kazi.

Najua wapo watakaosema dini yao haiwaruhusu. Mimi pia ni mtu wa kanisa, lakini dirishani mgonjwa hanijii kuuliza ninachoamini. Anataka faili yake.

Na dawa ya jambo hili haina gharama. Wagonjwa waitwe kwa namba. Anayekuja mara ya kwanza aulizwe kwa sauti ya chini angependa aitweje, na jibu lake liandikwe juu ya faili ili daktari, muuguzi na mtu wa maabara wasianze kubahatisha upya. Kwa upande wenu wa magazeti, ambao huweka "Bw" au "Bi" mbele ya kila jina, naomba mwandishi anayeripoti kesi kama ile ya Eldoret atumie kitambulishi anachokitumia mhusika mwenyewe, hata pale hati ya mashtaka inaposema vingine.

Karani wa usajili,
Kondele, Kisumu